Barua ya wazi kwa wasimamizi wa mdahalo wa Jumamosi: swali la mwanafunzi wangu bado halijajibiwa

Kwa Mkurugenzi wa Vipindi,
Mtayarishaji wa mdahalo wa Jumamosi asubuhi,
na watangazaji wote wanaouongoza.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: KEJELI NA HOJA POTOFU KATIKA MDAHALO WENU

Husika na kichwa cha barua hapo juu.

Mimi ni mwalimu wa Fizikia katika shule ya sekondari ya kata mkoani Tanga, na ni mlezi wa klabu ya midahalo ya wanafunzi. Jina langu mnalo katika barua tatu nilizokwisha kuwaandikia. Ya kwanza niliileta kwa mkono, mapokezi wakaigonga muhuri mbele yangu. Ya pili niliituma kwa barua pepe. Ya tatu ilipitia kwa Mkuu wa Shule. Jibu pekee nililopata hadi leo ni ujumbe wa WhatsApp wa mstari mmoja kutoka kwa mtayarishaji wenu: "Mwalimu, tusikuze mambo, ilikuwa utani tu."

Nimeamua kuandika hadharani kwa sababu jambo lenyewe lilitendeka hadharani. Kituo chenu cha redio sikitaji kwa jina, kwani ninachokilalamikia hakiko kwenu peke yenu, na ninataka wanaoongoza midahalo kwingine nao wasome.

Jumamosi ile mada yenu ilikuwa mahindi ya GMO, yaani mahindi yaliyobadilishwa vinasaba. Mlitualika kwa barua mkiomba wanafunzi wawili waje kuuliza maswali. Nilimleta binti wa kidato cha tatu na kijana wa kidato cha nne. Tulipanda basi la saa kumi na moja alfajiri. Binti alikuwa ameandika swali lake kwenye karatasi aliyochana daftarini, akaikunja mara nne na kuishika mkononi njia nzima hadi ikalowa jasho.

Wageni wenu walikuwa wawili: mwanasiasa anayepinga GMO na mtaalamu wa kilimo anayezitetea. Mwanasiasa alisimulia habari za panya wa Ufaransa waliolishwa mahindi ya GMO wakaota uvimbe mkubwa. Binti alipopewa maikrofoni alisoma: "Katika utafiti huo, panya ambao hawakulishwa mahindi hayo walikuwa wangapi, na wangapi kati yao waliota uvimbe?"

Mtangazaji wenu akasema, "Mtoto mzuri, sasa hao panya unataka tuwaalike studio?" Kisha akabonyeza kitufe. Nilikuwa nimekaa upande wa pili wa kioo, nikakiona vizuri. Mezani mbele yake kuna kibao chenye vitufe vya rangi, na kile cha njano ndicho cha kicheko. Kicheko cha umati ambao haukuwepo kikajaa hewani. Wageni wote wawili wakacheka, hata yule mtaalamu ambaye swali lilikuwa linamsaidia. Mwanasiasa akaongeza: "Binti, umetumwa na nani? Nani kakulipia nauli?" Kitufe kikabonyezwa tena, mkaenda kwenye matangazo, na mliporudi mlikuwa mmeshahamia kwa mpigaji simu.

Nauli nililipa mimi, kutoka mfukoni mwangu, na nilikuwa hatua nne kutoka pale. Hakuna aliyeniuliza.

Siku mbili baadaye mkakata kipande cha sekunde 19, kinachoanza na "mtoto mzuri" na kuishia kwenye kicheko, mkakiweka kwenye kurasa zenu. Swali lenyewe mlilikata, halisikiki. Shuleni sasa wenzake wanamwita Mama Panya. Tangu siku ile hajanyoosha mkono darasani kwangu, na yeye ndiye aliyekuwa akiuliza kuliko wote.

Naomba sasa niyataje malalamiko yangu moja baada ya jingine.

1. Swali lile lilikuwa na jibu, na jibu hilo linafahamika.

Utafiti wenyewe uliongozwa na Gilles-Éric Séralini wa Chuo Kikuu cha Caen, Ufaransa, na ulichapishwa Septemba 2012 pamoja na picha za panya wenye uvimbe zilizozunguka dunia nzima. Panya walikuwa 200, wamegawanywa katika makundi ya panya 10 kila moja. Ambao hawakupewa mahindi ya GMO wala kiuagugu (dawa ya kuua magugu, nayo ilijaribiwa) walikuwa madume 10 na majike 10 tu. Hilo ndilo kundi la ulinganisho. Tena panya wenyewe walikuwa wa aina ya Sprague-Dawley, wanaojulikana kwa kuota uvimbe bila kupewa chochote kadiri wanavyozeeka, na utafiti ulichukua miaka 2, ambayo kwa panya ni uzee. Kwa hiyo mtu akikuonyesha picha ya panya mwenye uvimbe, swali la kwanza la haki ni lile lile la binti: na wale wengine, je?

Wanasayansi wa nchi nyingi waliuliza hivyo hivyo. Novemba 2013 jarida lililouchapisha utafiti huo liliuondoa, likisema matokeo yake hayatoshi kufikia hitimisho. Waandishi wake walipinga vikali, na 2014 jarida jingine likauchapisha tena. Kenya ilikuwa imeshapiga marufuku uingizaji wa vyakula vya GMO tangu Novemba 2012, utafiti huo ukiwa mojawapo ya sababu zilizotajwa, na marufuku hiyo iliondolewa Oktoba 2022. Idadi ya panya wasiolishwa mahindi hayo imegusa unga wa ugali wa taifa jirani kwa takriban miaka 10. Na mwanafunzi wa sekondari ya kata, ambaye maabara yake ina hadubini moja, alilifikia swali hilo peke yake.

Mwanasiasa wenu angeweza kujibu. Angeweza kusema kwamba, kwa maelezo ya waandishi, panya waliolishwa waliota uvimbe mapema na wengi zaidi, na kwamba kuondolewa kwa makala hiyo nako kuna mjadala wake. Mtaalamu naye angemjibu kwamba panya 10 kwa kundi ni wachache mno. Wasikilizaji wangejifunza kwa dakika mbili jambo ambalo mimi hulifundisha kwa wiki tatu: kwamba huwezi kujua kitu kimesababisha nini mpaka uwe na kitu kingine cha kukilinganisha nacho.

2. Mliyemfanyia hivyo hakuwa binti peke yake.

Mpigaji simu aliyefuata alikuwa mzee, mkulima wa Handeni. Aliuliza kama akinunua mbegu mpya mwaka huu anaweza kubakiza nyingine akapanda mwakani. Safari hii aliyecheka alikuwa mtaalamu. Akamwambia, "Mzee, dunia iko kwenye akili bandia, wewe bado uko kwenye kihenge." Kitufe cha njano kikalia.

Sijui chochote kinachochekesha katika swali la mzee yule. Mkulima anayenunua mbegu dukani kila msimu na mkulima anayebakiza zake wana hesabu tofauti kabisa mwezi wa masika unapofika. Jibu lipo, na bwana shamba yeyote angempa. Mbegu chotara ukiirudia, mavuno hushuka na mimea hutoka haifanani. Mbegu za OPV, yaani zinazochavushwa zenyewe shambani bila kuchanganywa kwa makusudi, kama Staha na TMV-1, unaweza kuzirudia misimu kadhaa ukichagua vizuri. Nyingi ya zile mbegu ambazo watu mitaani wanaziita GMO kwa sababu "hazirudiwi" ni chotara za kawaida tu, hazijaguswa vinasaba. Mbegu za GMO zina suala la ziada: nani anamiliki teknolojia na kwa masharti gani. Majaribio ya mahindi hayo hapa kwetu yalifanyika Makutupora, Dodoma, kuanzia 2016, na Serikali ikayasitisha mwishoni mwa 2018. Mzee alistahili kuambiwa hayo. Alikata simu akiwa amejifunza jambo moja, kwamba mjini wanamcheka.

Nimemtaja makusudi ili mjue kwamba siandiki kutetea GMO wala kuipinga. Wageni wote wawili walitumia silaha ile ile, mmoja dhidi ya mtoto, mwingine dhidi ya mzee. Mliowapa silaha ni nyinyi.

3. Kumshambulia mtu kunaachwa kupite kana kwamba ni hoja.

"Umetumwa na nani?" Tuseme kweli alikuwa ametumwa. Tuseme kampuni ya mbegu ilimpa karatasi ile na nauli na soda njiani. Panya wa kundi la ulinganisho wangebaki madume 10 na majike 10. Nia ya mtu inaweza kukufanya uyachunguze maneno yake kwa uangalifu zaidi, na hilo ni sawa. Lakini haiwezi kukufanyia uchunguzi wenyewe.

Nimesikiliza midahalo yenu minane tangu siku ile, daftari mkononi. Nimesikia mgeni akisema "tupime kwanza" na mwenzake akamjibu "kwa hiyo wewe unataka watu wetu wafe njaa", yaani anamvisha mwenzake kauli ambayo hakuitoa kisha anaipiga hiyo. Nimesikia kwamba ama uko na mkulima wa Tanzania ama uko na mabeberu, kana kwamba hakuna mahali pengine pa kusimama. Nimesikia "babu zetu walikula hivi wakaishi miaka mia" mara nne, na hakuna aliyeuliza babu wangapi walifika miaka mia. Katika midahalo yote minane mtangazaji hakusema hata mara moja, "Ndugu mgeni, hilo si jibu la swali uliloulizwa."

Hata Bungeni, ambako ndimi ni kali, Kanuni za Kudumu zinamkataza mbunge kutumia lugha ya kuudhi au ya kudhalilisha wengine, na mbunge anaweza kutakiwa athibitishe alichosema au afute kauli. Mtu anasimama, anasema "kuhusu utaratibu", na shughuli inasimama. Kwenu hakuna utaratibu wa kusimamia.

Na kejeli ikishuka kutoka kwa mwenye madaraka huwa nzito zaidi. Novemba 2022 Moses Kuria, wakati huo Waziri wa Biashara wa Kenya, alisema hadharani kwamba kule kuwa tu nchini humo kunamfanya mtu awe mgombea wa kifo, na kwa kuwa vinavyoweza kuua ni vingi, si vibaya kuiongeza GMO kwenye orodha hiyo. Wakenya waliokuwa wakiuliza kama chakula hicho ni salama walistahili kutajiwa vipimo.

4. Mnarudia kosa lililoanza katika mkoa huu huu, tena kwa swali kubwa la sayansi.

Mwaka 1963, katika Shule ya Sekondari ya Magamba, Lushoto, kijana wa kidato cha tatu aitwaye Erasto Mpemba alikuwa anatengeneza aiskrimu na wenzake. Walichemsha maziwa, wakatia sukari, wakayaacha yapoe kabla ya kuyaweka kwenye jokofu. Nafasi ilikuwa inagombewa, naye akaona isije ikamponyoka, akaweka ya kwake yakiwa bado ya moto. Yakaganda kabla ya yale ambayo mwenzake aliweka bila hata kuyachemsha. Alipomuuliza mwalimu, aliambiwa amechanganyikiwa. Alipofika shule ya Mkwawa, Iringa, akauliza tena na kusisitiza, mwalimu wa huko akamwambia hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Darasa likaidaka. Kila alipokosea hesabu ya logi, waliita hisabati ya Mpemba.

Kisha akaja shuleni hapo mgeni kutoka chuo kikuu kilichokuwa Dar es Salaam, Dkt. Denis Osborne. Mpemba akasimama akauliza: ukichukua vyombo viwili vinavyofanana, maji ya ujazo sawa, kimoja nyuzi 35 na kingine nyuzi 100, ukaviweka kwenye jokofu, cha nyuzi 100 kinaganda kwanza, kwa nini? Wenzake walicheka, wengine wakaona amewaaibisha mbele ya mgeni. Osborne hakucheka. Alirudi Dar es Salaam akamwambia fundi wa maabara ajaribu. Fundi akaleta habari kwamba ya moto yameganda kwanza, na kwamba atarudia jaribio mpaka apate matokeo sahihi. Walirudia, na matokeo yakabaki yale yale. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne wakachapisha makala pamoja katika jarida la Physics Education, na jambo hilo likapewa jina la Mpemba duniani kote.

Nisieleweke vibaya. Wanafizikia bado wanabishana kama jambo hilo hutokea kweli, na kwa masharti gani. Mwaka 2016 kulichapishwa vipimo vya watafiti wa Uingereza ambavyo havikuliona. Inawezekana mwishowe walimu wale wakaonekana hawakukosea fizikia. Walichokosea ni kwamba hawakujaribu: kule Magamba jokofu lilikuwa palepale shuleni, maziwa yalikuwepo, na ingechukua saa mbili tu. Badala yake wa Magamba alimwambia amechanganyikiwa, na wa Mkwawa akalitumia jina lake kama tusi. Kila mwaka nikifika mada ya joto huwasimulia wanafunzi habari hii, na mwaka huu binti yule aliinamisha kichwa mezani mpaka nikamaliza.

5. Kicheko chenu kinawapa nguvu hata wasiostahili.

Hili linaniumiza kwa namna nyingine. Miezi michache iliyopita mgeni wenu mmoja, akitetea dawa isiyopimwa, alisema: "Hata wavumbuzi wakubwa walichekwa." Mtangazaji akanyamaza, kwa sababu mtu aliyezoea kucheka hana la kujibu hapo. Kuchekwa hakumfanyi mtu awe mkweli, kama ambavyo hakumfanyi awe mwongo.

Tulipaswa kuwa tumejifunza tangu 2011, wakati barabara ya kwenda Samunge, Loliondo, ilipojaa magari ya watu waliofuata kikombe cha dawa ya Mchungaji Ambilikile Mwasapila kwa shilingi 500. Ninaikumbuka vizuri, shangazi yangu alikuwa kwenye foleni ile. Nchi iligawanyika pande mbili, na pande zote mbili zilikuwa zinacheka. Wa upande mmoja waliwaita wenzao washamba. Wa upande mwingine waliwaita wanaohoji watu wasio na imani na vibaraka wa makampuni ya dawa. Katikati walikuwepo wagonjwa wenye swali moja la kawaida: nikishakunywa, niendelee na vidonge vyangu au niache? Wapo walioacha. Shangazi aliacha za kisukari. Ndugu waliomcheka kabla hajaondoka ndio aliowaficha alipoanza kuumwa tena, mpaka mguu ukawa umeharibika.

6. Gharama yake inafika mbali kuliko studio.

Tarehe 3 Mei 2020, Rais John Magufuli, akizungumza Chato, alisema kwamba sampuli za papai na za mbuzi zilipelekwa maabara ya taifa zikiwa na majina ya watu, na baadhi zikarudi na majibu kwamba zina korona. Nasema hili kwa heshima ya marehemu: kuipima maabara kwa sampuli ambazo yenyewe haizijui ni njia halali kabisa ya kisayansi. Kinachofuata katika njia hiyo ni kurudia, kuangalia zilivyochukuliwa na kusafirishwa, kumwita mtu wa tatu ahakiki, kisha kutangaza yote. Sisi tulifuata kicheko. Waliokuwa na mashaka na vipimo walivicheka vipimo, wa nje wakatucheka sisi, na kwa wiki kadhaa huwezi kuwasha redio bila kusikia mzaha wa papai, kwenu pia. Takwimu zilikuwa zimeishia watu 509 walioambukizwa na 21 waliofariki, zikakaa hapo kwa zaidi ya mwaka. Mwalimu mwenzangu alipouliza ofisini kama tuendelee kufundisha wanafunzi 70 katika chumba kimoja, aliulizwa kama amekula papai. Ofisi nzima ilicheka, na mimi nilicheka. Hilo nalijutia hadi leo, na ni sehemu ya sababu ya barua hii.

Ndugu Mkurugenzi, najua mtakayosema, kwa kuwa baadhi nimeshaambiwa.

Mtasema ulikuwa utani. Mimi ni Mpare, watani wangu ni Wachaga, na utani naujua. Baba yangu alipofariki, mtani wake alikalia jembe la wachimba kaburi, akasema hatoki mpaka apewe kitu, na tulicheka katikati ya machozi. Mtani huyo huyo ndiye aliyebeba maji mpaka jioni, na siku ya msiba wake sisi tulimfanyia vivyo hivyo. Utani una pande mbili, na kila upande una haki ya kurudisha na wajibu wa kubeba mzigo wa mwenzake. Binti hakuwa na kitufe. Na hakuna aliyembebea chochote.

Mtasema ni burudani, wasikilizaji wanataka kuchangamka. Wanataka, ni kweli. Lakini watu wetu walichangamkia malumbano ya washairi magazetini, mengine yakiendelea kwa miezi, na anayejibu alianza kwa kumtaja mwenzake na hoja yake, kisha akafuata vina vyake huku akimchapa kwa maneno. Ukali ulikuwepo na jibu lilikuwepo. Msifikiri wasikilizaji wenu ni wavivu kuliko wale.

Mtasema muda hautoshi. Swali la binti lilichukua sekunde 11. Kejeli na vicheko vilichukua sekunde 40. Nimezipima katika rekodi yenu wenyewe.

Na mtasema siasa si lelemama, anayekuja studio ajikaze. Mwambieni hivyo mwanasiasa, atawaelewa. Mwanafunzi mlimwita aje kuuliza, na alikuja kuuliza.

Ninachoomba ni haya:

Kwanza, kiondoeni kile kipande cha sekunde 19 kwenye kurasa zenu zote, leo. Hili halihitaji kikao.

Pili, lisomeni swali la binti hewani, kama alivyoliandika, katika mdahalo ule ule wa Jumamosi, na lijibiwe na watu wawili wenye misimamo tofauti. TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo, wana watafiti wa mahindi, na wanaoipinga GMO kwa hoja za maana nao wapo. Mkimpata tena mzee wa Handeni kwa simu, mjibuni naye. Msimtaje binti kwa jina.

Tatu, kizimeni kitufe cha kicheko katika midahalo. Katika vipindi vya vichekesho kibaki.

Nne, wekeni sharti moja kwa kila mgeni: kabla ya kujibu hoja ya mwenzake, airudie kwa maneno ambayo mwenzake atakubali kwamba ndiyo aliyoyasema. Klabu yetu inafanya hivyo kila Ijumaa, na watoto wa miaka 14 wanaweza. Atakayehama kutoka kwenye hoja kwenda kwa mtu, mtangazaji amrudishe kwa upole, mara moja, na kama hakurudi, maikrofoni ihamie kwa mwingine.

Najua ipo Kamati ya Maudhui ya TCRA, mamlaka inayosimamia utangazaji. Sijaenda huko, kwa kuwa sitafuti mtozwe faini wala kipindi kifungiwe. Mdahalo wenu ndio pekee unaosikika kijijini kwetu Jumamosi asubuhi, na wanafunzi wangu wengi hawana pengine pa kuwasikia watu wazima wakibishana kuhusu sayansi. Ningependa uendelee.

Ile karatasi binti aliiacha kwenye meza yenu ya mapokezi siku ile. Nilirudi kuichukua, na ninayo ndani ya kitabu changu cha maandalio. Mkiihitaji kwa ajili ya kusoma swali, nitaileta mwenyewe. Vipindi vyangu huisha saa nane na nusu mchana, na baada ya hapo simu yangu iko wazi.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu wa Fizikia na mlezi wa klabu ya midahalo,
Tanga.

Nakala: Mkuu wa Shule, mzazi wa mwanafunzi.